Nairobi, Mwaka wa 1922

Ndugu wafanya kazi, sisi hatukuwako mwaka huo, lakini habari zake zatuhusu. Mwaka wa 1921 walowezi walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kipande nacho kilikuwa kimekwisha wafika shingoni. Harry Thuku, karani wa simu wa Serikali, akakataa waziwazi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Watu wengi wakaacha kazi, wakakusanyika penye kituo cha polisi, wakimtaka. Tarehe 16 wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Nyanjiru akawataka wampe suruali zao, wao wavae nguo yake! Ndipo bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21; wengine walisema zaidi. Nyanjiru alikuwa mmojawapo. Thuku akapelekwa Kismayu.