Ngitili ya Kijiji

 

Kwetu Shinyanga, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulisaidia vijiji kuzifufua. Miti ikarudi. Siku hizi mvua haziaminiki, na ngitili ndiyo akiba.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, 2009, alichunguza malisho, uvuvi na mifereji katika nchi mbalimbali. Aliona watumiaji wenyewe wanaweza kutunza mali ya pamoja, wakijiwekea sheria na kulindana, na adhabu ya kwanza ikiwa ndogo.

Nilimsoma nimechelewa. Nilishamtumia kaka fedha azungushie seng'enge kipande cha ngitili ya kijiji, eti tuwahi kabla ya wengine. Dagashida ikamwita: seng'enge ing'olewe, faini mbuzi mmoja. Nilikuwa zamu ya usiku wodini aliponipigia. Nililia kwa hasira. Mbuzi nimelipa.

Fomu za mchango wetu wa Desemba 9 ziko mezani. Yangu nimejaza kiasi tu. Sehemu ya matumizi nimewaachia wanaochunga.