Huzuni ya Kijana Isiachwe Ikae

(Maneno ya Halmashauri mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumezoea kusimama hapa kusema habari za mishahara na saa za kazi. Leo twataka kusema habari za watoto wetu waliovuka miaka 12 na hawajawa watu wazima. Kuna ugonjwa unaowashika, nasi wazazi mara nyingi twauita uvivu au jeuri. Ni ugonjwa wa huzuni. Siku hizi wengi huuita sonona.

Kila mtu hupata huzuni, ikapita. Ugonjwa huu ni mwingine. Kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, kijana hana furaha, au amekuwa mwepesi wa hasira. Mchezo alioupenda haumvutii tena. Usingizi umeharibika, na masomo hayamwingii. Wengine hujiona hawana faida duniani.

Je, akikua yatakwisha yenyewe? Katika mji wa Christchurch, New Zealand, wataalamu waliwaandika watoto 1,265 waliozaliwa mwaka 1977, wakawafuata hata ukubwani. Waliougua huzuni wakiwa na miaka 14 hadi 16 walipatwa tena na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, kabla ya kufika miaka 21. Tena wengi zaidi kati yao walirudi nyuma katika masomo na kukosa kazi. Lakini zilipopimwa pia taabu za nyumbani na shida nyingine za watoto hao, ilionekana kuwa hizo ndizo zilizoleta hasara ya masomo na kazi. Hatari ya kurudiwa na huzuni ilibaki pale pale.

Ndugu, hapo pana neno la chama. Mtoto ataka tiba, na nyumba yataka mshahara wa kutosha. Kimoja hakitoshi bila kingine.

Huko Victoria, Australia, vijana 1,943 wa shule 44 walianza kufuatwa mwaka 1992. Wale walioshikwa na huzuni au wasiwasi mara moja tu, kwa muda usiofika miezi 6, zaidi kidogo ya nusu yao hawakupatwa tena ukubwani. Waliokaa nayo muda mrefu ndio walioendelea kuugua. Basi adui wetu mkubwa ni kungoja.

Wala msaada si lazima utoke kwa daktari mkubwa peke yake. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu. Walikutana kwa vikundi mara 4, saa moja kila juma, wakiongozwa na vijana waliofundishwa kazi hiyo. Huzuni ilipungua, na faida ilionekana hata baada ya miezi 7.

Kwa hiyo twawaomba haya. Usimpige mtoto kwa sababu amenyamaza. Keti naye, umwulize kwa upole kinachomlemea, kisha umsikilize. Yakipita majuma mawili, mpeleke kwa daktari. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Nenda naye hospitali siku ile ile. Wala hofu ya sheria isikuzuie: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua hakupatani na Katiba.

Lakini twajua mzazi wa zamu hawezi kwenda hospitali mchana bila kukatwa mshahara. Kwa sababu hiyo twaleta ombi mbele yenu: katika mapatano yajayo na waajiri, tudai ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto kwa matibabu, ya mwili na ya akili sawasawa. Kila mwenye kuunga mkono na ainue mkono wake.