Swichi Ndogo ya Kulinda Mkono: Tuichague Vipi?



Leo tuongee juu ya kifaa kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Vikundi vyetu vinachanga pesa, vinanunua mashine ya kusaga unga au ya kukata majani ya ng'ombe, halafu swichi ya kifuniko inaachiwa fundi peke yake. Mara nyingi inanunuliwa ile ya bei rahisi. Sisi tunasema hili ni jambo la kamati nzima, kwa maana mkono utakaokatwa ni wa mwanachama wenu.

Mafundi huiita limiti swichi. Ni kisanduku chenye mkono mdogo au kitufe. Kitu kikiusukuma ule mkono, vyuma viwili vya ndani huachana au hugusana. Tunaifunga karibu na kifuniko cha mkanda au cha visu, ili kifuniko kikifunguliwa mota izimwe.

Sikilizeni vizuri hapa: swichi hii haibebi stima ya mota. Mota ya fezi tatu hutumia volti 415, na mzigo huo hubebwa na kontakta iliyo ndani ya stata. Swichi hukata waya mwembamba tu, ule unaoamuru kontakta. Mtu akitaka kupitisha nyaya za mota ndani yake, mkatazeni.

Sasa mkifika dukani, angalieni mambo manne.

Kwanza, inavyokata. Chagueni njia ambayo vyuma vyake vimegusana wakati swichi haijaguswa. Kwenye swichi nyingi namba zake ni 11 na 12, au 21 na 22. Tafuteni pia alama ya mshale ndani ya duara. Maana yake ni kwamba nguvu ya kusukuma yenyewe ndiyo inayotenganisha vyuma, hata kama vimeshikana. Ifungwe hivi: kifuniko kikifunguliwa, kiusukume mkono wa swichi. Wengine hufanya kinyume, kifuniko kikifungwa ndipo kinabonyeza. Hapo mnategemea springi ndogo irudi. Ikivunjika je? Kifuniko kiko wazi na visu vinazunguka! Tena kijana mwenye haraka ataifunga kwa kamba ikae imebonyezwa, na kazi iendelee bila kifuniko.

Pili, vumbi na maji. Tazameni herufi IP na namba mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji: 5 ni maji ya kurushwa kwa mpira, 7 ni kuzama kwa muda mfupi, hadi mita moja kwa nusu saa. Kwa kinu cha unga, IP65 inatosha. Swichi ya IP20 ni ya kukaa ndani ya sanduku lililofungwa, si ya kinuni.

Tatu, umbo la mkono. Kifuniko kinachokuja kwa upande kinahitaji mkono wenye kigurudumu. Kitufe cha kawaida kinataka kusukumwa moja kwa moja. Kikisukumwa kutoka kando huharibika mapema. Na swichi isifanywe kizuizi cha kifuniko. Wekeni chuma kingine cha kuzuia, la sivyo kila mgongano utaimaliza.

Nne, vifaa vyake. Msinunue swichi peke yake. Nunueni na glandi inayobana waya wenu sawasawa, kwa maana IP65 yenye tundu wazi ni bure. Unga utaingia hapo. Tundu lisilotumika lizibwe. Swichi ikiwa ya chuma, iungwe waya wa arthi. Bati la kuishikilia liwe gumu, lisicheze mashine ikitetemeka.

Fundi akimaliza, msimlipe kabla ya kuijaribu. Fungueni kifuniko: mota izimwe. Kifungeni tena: mashine isianze yenyewe, mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Ikianza yenyewe, stata haijaungwa vizuri.

Hata hivyo, swichi hii haisimamishi visu papo hapo. Stima ikikatika, nyundo za kinu na visu huendelea kuzunguka kwa muda. Ngojeni visimame kabisa. Na wakati wa kusafisha au kubadilisha visu, msiitegemee. Zimeni swichi kubwa, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 hapa Kenya inataka sehemu za hatari za mashine zifunikwe. Lakini hakuna askari atakayesimama kinuni kwenu kila siku. Kwa hivyo chagueni mtu mmoja, aijaribu swichi kila wiki na kuandika kwenye daftari la kikundi. Mkikuta imefungwa kwa kamba au waya, mashine isimame hapo hapo, hata kama foleni ya wateja imefika barabarani.

Swichi ikiharibika tutachanga tena tununue nyingine. Mkono hauna duka.