Kozi ya Kurekodi Sauti: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Karo

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Migori na Homa Bay



Kazi ya sauti si ngeni katika eneo hili. Kwaya za makanisa zinataka kurekodi. Bendi za benga na ohangla zinataka kurekodi. Wafanyabiashara wanataka matangazo ya kuchezwa kwenye magari yenye vipaza sauti, na msimu wa kampeni ukifika, wanasiasa nao wanatafuta nyimbo. Ndiyo maana kozi za kibinafsi za kurekodi sauti zinapata wateja.

Lakini karo ya kozi hizo hutoka mahali penye uchungu. Ni ng'ombe aliyeuzwa, malipo ya miwa kule Awendo, mauzo ya omena Muhuru au Mbita, au mchango wa ukoo mzima. Pesa hizo zikipotea, hapotezi kijana mmoja tu. Huenda mdogo wake aliye shule ya sekondari akakaa nyumbani muhula mzima. Kwa hiyo mzazi na kijana wana haki ya kuuliza maswali, na chuo kizuri hakitakasirika kikiulizwa.

Swali la kwanza ni la usajili. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya TVETA, ambayo ndiyo inayosajili na kutoa leseni kwa vyuo vya kiufundi, vya umma na vya kibinafsi. Leseni ya biashara inayotolewa na kaunti, ile inayotundikwa ukutani, inaruhusu biashara kufunguliwa. Si kibali cha kufundisha. Mzazi aulize pia kama kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufundisha kompyuta na kisiwe na idhini ya kufundisha kurekodi. Kisha aulize ni nani anayetahini. Kama ni KNEC, NITA au CDACC, athibitishe kwa shirika hilo. Kama cheti ni cha chuo chenyewe tu, ajue kwamba ananunua ujuzi, na bei iwe ya ujuzi.

Swali la pili ni la saa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhesabu miezi badala ya muda wa kushika mitambo. Tuchukue mfano. Kozi ni ya wiki 12, siku 3 kwa wiki, saa 2 kila siku. Hiyo ni saa 72, na karo ni Sh45,000. Darasa lina wanafunzi 15 na kompyuta moja ya kurekodia. Ukigawa saa 72 kwa watu 15, kila mmoja anapata chini ya saa 5 kwenye kiti. Saa moja ya kiti inamgharimu zaidi ya Sh9,000. Karo hiyo hiyo, ikiwa darasa lina wanafunzi 4, inampa kila mmoja saa 18, na kila saa ni Sh2,500. Bango lao ni moja, lakini bidhaa ni mbili tofauti kabisa.

Swali la tatu linajibiwa kwa masikio. Kijana aombe kusikia kazi zilizorekodiwa na wanafunzi waliomaliza, wala si kazi za mkufunzi. Asikilize kwa hedifoni. Je, maneno yanasikika wazi? Kuna mwangwi wa chumba kitupu? Kuna mvumo wa umeme? Sauti inapasuka mwimbaji anapopaza? Kisha aombe kuzungumza na wawili au watatu kati ya wanafunzi hao, awaulize wanafanya kazi gani sasa.

Swali la nne ni la mafunzo yenyewe. Programu ya Audacity inapatikana bila malipo tangu mwaka 2000, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kozi inayotumia wiki nyingi kuonyesha vitufe vya programu inauza kitu ambacho kijana angejifunza mwenyewe nyumbani. Kinachostahili karo ni kile ambacho kompyuta haifundishi: kuweka maikrofoni mahali panapofaa, kupima kiwango cha sauti kabla ya kuanza, kutuliza chumba kwa mablanketi na magodoro, kurekodi kwaya ya watu 30, au kupata nyatiti na ngoma bila kimoja kumeza kingine. Zaidi ya yote, awepo mkufunzi anayesikiliza kazi ya mwanafunzi na kumwambia imeharibika wapi. Kozi pia iguse Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ili kijana ajue wimbo ni wa nani kabla ya ugomvi kuzuka.

Swali la tano ni la soko. Tuseme fundi anabakiwa na Sh1,500 kwa kila wimbo baada ya gharama. Kurudisha karo ya Sh45,000 kunahitaji nyimbo 30, na hapo hajanunua maikrofoni, kompyuta wala spika. Kijana ataje kwaya na bendi ambazo zitakuja kwake. Akikosa hata tano, atafute wateja kwanza.

Historia ya hapa inafundisha jambo hilo. Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi kuwa mbunge wa Homa Bay, alitoa na kusambaza sahani za benga kupitia lebo zake hadi muziki huo ukapendwa Zimbabwe, ambako watu waliuita "kanindo". Jina lilienda mbali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kufikisha sahani kwa wasikilizaji. Ujuzi wa mitambo bila soko ni nusu ya kazi.

Kuna njia nyingine pia za kulinganisha. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, na kijana anaweza kuanzia huko kwa umeme, elektroniki au kompyuta, misingi ambayo fundi wa sauti huitumia kila siku. Chuo Kikuu cha Rongo kinafundisha mawasiliano na utangazaji. KIMC jijini Nairobi imefunza watu wa redio na televisheni tangu miaka ya 1960. Na yupo fundi wa studio ya mtaani anayeweza kukubali mwanagenzi kwa ada ndogo.

Hatimaye, malipo. Mzazi alipe kwa awamu, achukue risiti, na apate kwa maandishi idadi ya saa, idadi ya wanafunzi na masharti ya kurudishiwa pesa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza ahadi za uongo katika biashara. Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipofunguliwa, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na mtu anaweza kujitetea bila wakili. Lakini asiye na karatasi ataenda huko mikono mitupu.

Kozi ya kibinafsi inaweza kuwa nzuri kuliko ya umma, na inaweza kuwa hasara tupu. Maswali haya matano yanachukua asubuhi moja. Ng'ombe huchukua miaka kukua.