Njia Nyingi za Elimu: Fundisho la Pwani ya Tanga



Mjadala wa elimu nchini Tanzania, hasa tangu mtaala wa umahiri ulipoingia shuleni mwaka 2005, aghalabu huweka kukariri upande mmoja na ubunifu upande wa pili. Historia ya fasihi ya Tanga haiungi mkono mgawanyo huo.

Mfano wa kwanza ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Mwanachuoni wa zama zake alijifunza kwa kusikiliza, kukariri, kunakili kwa hati za Kiarabu na kughani. Kwa njia hizo bahari ya utenzi ilikaa moyoni: mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, na kina cha mwisho kisichobadilika. Bahari hiyo, iliyozoea kubeba visa vya Mitume na masahaba, Hemedi aliitwika habari za Mrima za miaka ya 1888 na 1889. Kilichokaririwa kikawa chombo cha kusemea jambo jipya.

Mfano wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kusoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Ukarani ulimpa riziki. Kujisomea na kuandika kukaendeleza elimu yake, hata mwaka 1951 kikatoka Kusadikika.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Dhana ya mitindo ya kujifunza isiwe sababu ya kuwagawa wanafunzi kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono. Mapitio ya Pashler na wenzake ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mmoja kwa mtindo wake humfaidi zaidi. Chuoni, sikio, ulimi na mkono vilitumika pamoja, kwa mwanafunzi yule yule.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa leo na aughani utenzi, ahesabu mizani yake, aunakili, kisha atunge beti zake kuhusu soko au bandari aijuayo. Mtihani unaomtaka ataje mizani na vina tu huiacha hatua hiyo ya mwisho bila kupimwa. Na kisichopimwa shuleni, aghalabu huachwa kufundishwa.