Nyama Mbadala na Lehemu kwa Watu Wazima Waliozidi Uzito: Mas'ala ya Tui



1. Fasili

Waheshimiwa maafisa lishe, sitawachosha kwa mnayoyajua. Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini. Aliyezidi uzito ni yule ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita, hufika 25 au kupita. Na nyama mbadala ni chakula kiliwacho mahali pa nyama, kama vipande vya soya, au kile cha kuvu kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1985.

2. Ushahidi

Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza matokeo ya watu wazima 36 waliokula nyama kwa wiki 8 na mbadala wa mimea kwa wiki 8: wastani wa lehemu mbaya, ile idhuruyo mishipa ya damu, ulikuwa miligramu 121 kwa desilita wakati wa nyama, na 110 wakati wa mbadala. Faida ni bayana. Illa yapasa kukumbuka kuwa watu hao walikuwa wachache, na kwamba gharama ilitoka kwa mtengenezaji wa mbadala wenyewe.

3. Mas'ala ya tui

Hapa ndipo nitakapokaa, maana ndipo nilipokaa kwa miaka. Mama mmoja wa makamo, ambaye kwa miezi sita alikuwa amefuata shauri letu la kuacha nyama ya ng'ombe na ambaye kipimo chake cha lehemu kilikataa kushuka, alinikaribisha jikoni mwake Tanga nijionee. Nikamkuta ameroweka soya katika maji ya moto, akaikamua kama nilivyomfundisha, kisha akaitia katika kasimile, lile tui zito la kwanza, ya nazi mbili iliyotoka kifumbuni muda huo, na pembeni chapati zikipakwa samli. Nilipomuuliza, alinitazama kwa huruma: "Mwanangu, uliniambia niache nyama, nimeacha, tui ulinikataza lini?" Sikuwa na jawabu, kwani karatasi aliyopewa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilikuwa na maneno matatu tu: acha nyama nyekundu.

Mafuta mazito, yale yagandayo kwenye baridi, ndiyo yanayolipunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu mbaya katika damu. Na katika mafuta ya nazi hayo huzidi sehemu 80 kwa 100, ilhali katika mafuta ya ng'ombe ni takriban nusu. Baadhi ya nyama mbadala za viwandani nazo hutiwa mafuta hayo hayo ya nazi. Basi kilichotolewa sufuriani ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kilichotiwa.

Kila karatasi za ushauri kwa wagonjwa zinapochapishwa upya nimeomba mstari mmoja uongezwe, na kila mara nimejibiwa, kwa heshima, kuwa nazi ni chakula chetu cha asili na jambo lataka mashauriano zaidi. Sisemi kwamba wakubwa wamekosea. Nasema mashauriano yamekuwa marefu kuliko subira ya mishipa ya damu.

4. Mapendekezo

(a) Soya ipendekezwe mahali pa nyama, pamoja na kunde, choroko na mbaazi, ambazo ni rahisi na hazihitaji kiwanda.
(b) Mgonjwa aulizwe anachopikia, si anachopika tu.
(c) Tui la pili litumiwe badala ya kasimile, na nazi moja badala ya mbili.
(d) Samli ipunguzwe, hata pale ambapo nyama haipo.
(e) Anunuaye mbadala wa kiwandani asome kibandiko, atazame mafuta ya nazi na chumvi.
(f) Afisa lishe afike jikoni walau mara moja kabla ya kumlaumu mgonjwa.
(g) Dawa zisiachwe kwa sababu ya soya pasipo idhini ya tabibu.
(h) Tui, kama nilivyokwisha kusema, litajwe katika karatasi.
(i) Na yakionekana haya yote ni mengi, basi mstari mmoja, ambao nimeuandika tayari ili kuwapunguzia wakubwa kazi: "Ukiacha nyama, tazama na tui."