Kamba ya Fundi Ndani ya Kompyuta

Matini ya mazungumzo kwa wanafunzi na mafundi wa vyuo vya ufundi



Kila mwashi anajua kwamba ukuta hauanzi kwa tofali. Huanza kwa kamba, timazi na pima maji. Kamba si sehemu ya ukuta. Kazi ikiisha hukunjwa na kuwekwa. Lakini ikivutwa vibaya, ukuta mzima hupinda. Katika programu za usanifu wa kompyuta, kamba hiyo huitwa jiometri rejea. Ni bapa, mihimili na nukta zisizojengwa, ambazo sehemu nyingine za mchoro hushikamana nazo. Somo la leo ni jinsi ya kuiongoza kwa fomula.

Chukueni mfano wa rampu ya zahanati. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ihitaji angalau sentimita 12 za urefu. Kizingiti kikiwa sentimita 45 kutoka ardhini, rampu itakuwa na urefu wa mita 5.4. Sasa, baada ya mvua kubwa, inaamuliwa kwamba sakafu ipandishwe hadi sentimita 60. Fundi aliyeandika 5.4 moja kwa moja kwenye mchoro anaweza kusahau kuibadilisha. Mteremko unakuwa 1 kwa 9. Kwenye karatasi tofauti hiyo haionekani. Lakini mgonjwa anayejisukuma kwa kiti cha magurudumu ataihisi mikononi, na huenda akarudi nyumbani bila kufika dirisha la dawa.

Dawa ya kosa hilo ni kuandika kipimo mara moja tu, mahali pamoja. Katika FreeCAD, programu ya bure ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, kazi hufanyika hivi:

Kwanza, fungua jedwali ndani ya mchoro. Andika milimita 450 katika seli moja na uipe jina la kimo. Katika seli nyingine andika fomula ya kimo mara 12, na uipe jina la urefu.

Pili, weka bapa rejea la kwanza mlangoni, usawa wa sakafu. Umbali wake kutoka ardhini usiandikwe kwa namba, bali uitwe kutoka seli ya kimo. Bapa la pili liwe pale rampu inapoanzia, nalo lifuate seli ya urefu.

Tatu, chora rampu yenyewe ikishikamana na mabapa hayo mawili.

Nne, nguzo za reli ya kushikia. Ikiwa nafasi kati ya nguzo isizidi mita 1.5, gawanya urefu kwa 1.5, kisha uipandishe hadi namba nzima. Hizo ndizo nafasi. Nguzo huzidi kwa moja. Kwa mita 5.4 utapata nafasi 4 na nguzo 5.

Sasa badilisha kimo kiwe milimita 600. Mabapa yanasogea, rampu inakuwa mita 7.2, nguzo zinakuwa 6 zenye nafasi ya mita 1.44. Seli moja tu ndiyo iliyoguswa.

Yapo mambo matatu ya kuchunga. Vipimo viwe na alama yake ya milimita au mita, ila 12 ibaki namba tupu, kwa maana urefu mara urefu huzaa eneo na programu italikataa. Seli mbili zisitegemeane kwa mzunguko, kila moja ikingoja jibu la mwenzake. Na seli zipewe majina yanayoeleweka, maana mchoro wa leo utafunguliwa kesho na fundi mwingine.

Wazo la mchoro unaotii masharti si geni. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad, katika chuo cha MIT, Marekani. Kilichobadilika ni kwamba leo kompyuta ya kawaida inatosha.

Hata hivyo, fomula haijui udongo wala haioni kizingiti. Ikipewa kimo cha uongo, itatoa rampu ya uongo iliyochorwa vizuri. Kwa hiyo fundi aende kwanza na futi yake, apime mara mbili, ndipo aketi mbele ya kompyuta.